Mtoto Karudishwa Nyumbani, Mbona Amerudi Ustawi wa Jamii?



Leo sikuja kusahihisha madaftari. Nimekuja tuzungumze juu ya watoto wetu.

Mtoto asiyetunzwa ni yupi? Si yule anayepigwa tu. Ni yule anayenyimwa chakula na mzazi mwenye uwezo wa kumpa. Ni yule anayeumwa bila kupelekwa zahanati. Ni yule anayelala peke yake usiku, mkubwa wake yuko kilabuni. Hana alama ya fimbo mwilini, basi sisi majirani tunasema, "Ah, huyu hajambo." Kumbe anaumia.

Katika kijiji kimoja nilichofanya kazi alikuwako mtoto wa kiume wa miaka 8. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake alishinda kwenye pombe. Mtoto aliokota maembe, akalala penye mashine ya kusaga. Mwalimu wake akamwarifu mtendaji wa kijiji. Afisa Ustawi wa Jamii alikuja, akamchukua, akamweka kwa mlezi wa kuaminika. Baada ya miezi mitatu baba aliahidi kubadilika, mtoto akarudishwa. Siku ile tulifurahi. Tulipika ubwabwa. Hata mimi nilisema maneno machache, nikapigiwa makofi.

Mwaka haukwisha. Mtoto yule yule akarudi Ustawi wa Jamii, amekonda, miguu ina funza.

Watu wakasema, "Mtoto huyu mtukutu. Amezoea vya bure." Je, ni kweli? Si kweli, ndugu zangu. Alirudi kwa sababu kile kilichomtoa nyumbani mara ya kwanza kilikuwa bado kipo pale pale, kinamngoja.

Tazameni. Kwanza, pombe. Baba aliahidi kuacha, lakini ulevi hauondoki kwa ahadi ya siku moja. Mtu huhitaji msaada na watu wa kumshika mkono.

Pili, ufukara. Baba alikuwa kibarua na shamba lake halikulimwa. Akiba ya chakula ilipokwisha, nyumba ile ilirudi kule kule.

Tatu, sisi wenyewe. Afisa ni mmoja, vijiji ni vingi. Miezi ya kwanza baada ya mtoto kurudi ndiyo migumu, nasi tulikula ubwabwa tukaenda zetu. Hakuna aliyepita kumtazama.

La nne linaniuma mpaka leo. Nilikwenda kwa baba yule. Akatoa karatasi ya makubaliano, ameikunja vizuri ndani ya mfuko. Chini yake pana dole gumba lake. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi humu mliandika nini?" Nikamsomea. Ilisema afike ofisini kila mwezi kueleza hali ya mtoto. Hakujua! Na mimi, afisa wa elimu ya watu wazima, nilikuwapo siku alipotia dole. Sikumsomea.

Sasa tufanye nini?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Ana haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na kucheza. Sheria hiyo inamtaka kila mwananchi anayejua kwamba mtoto ananyimwa haki zake atoe habari kwa serikali ya mtaa au kijiji. Basi kutoa habari si umbea, ni wajibu. Waweza pia kupiga simu namba 116, bila malipo.

Lakini kutoa habari ni mwanzo tu. Mtoto akirudishwa nyumbani tufanye hivi:

1. Tumsomee mzazi karatasi yote kabla hajatia sahihi au dole. Aeleze mwenyewe alivyoelewa.

2. Tuchague majirani wawili wapite kila wiki. Waandike katika daftari: Amekula? Amekwenda shule? Anaumwa?

3. Tumsaidie mzazi. Tulime naye. Kama ni mlevi, asindikizwe kwa mganga wa zahanati aelekezwe pa kupata matibabu.

4. Mambo yakianza kuharibika, tutoe habari mapema. Mtoto kurudi Ustawi wa Jamii mapema ni afadhali kuliko kunyamaza mpaka aharibikiwe.

Mtoto yule alirudishwa nyumbani mara ya pili. Safari hii palikuwa na majirani wawili na daftari. Wiki nyingine ziliandikwa habari nzuri, wiki nyingine mbaya, na zile mbaya zilishughulikiwa siku ile ile. Baba yake alijiunga na kisomo. Karatasi ya pili aliisoma mwenyewe, polepole, neno kwa neno, kisha akaandika jina lake.

Ndugu zangu, mmekwisha jua kusoma na kuandika. Je, katika kitongoji chako, ni mtoto gani aliyerudishwa nyumbani? Nani amepita kumwona wiki hii?

Wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana.