Kiberiti cha mmoja, kufuli la nani?

Vijana wenzangu, leo sizungumzii kura. Nazungumzia geti.

Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023, jengo la ghorofa tano la Usindiso, Johannesburg, liliwaka moto. Walikufa watu 76, wakiwamo Watanzania waliokwenda Bondeni kutafuta maisha. Mwenye jengo? Jiji lenyewe! Ndani walalahoi walikatiana vyumba kwa mbao na maboksi. Vifaa vya kuzimia moto hakuna, mageti yamefungwa. Watu wakaruka madirishani.

Januari 2024 mtu mmoja alitamka mbele ya tume kuwa ndiye aliyewasha, akafikishwa mahakamani. Sawa. Lakini ripoti ya Jaji Sisi Khampepe, Mei 2024, iliwabana vigogo: Jiji lilijua ubovu wa jengo lile tangu 2019, likanyamaza. Kiberiti kina mwenyewe, na kufuli je?

Sasa ninyi mnaopanga Kariakoo na Manzese, chumba kimoja watu sita: usiku ufunguo wa geti anao nani? Nondo za dirisha zinafunguka kwa ndani? Zimamoto walikagua lini? Mwulizeni mwenye nyumba kabla ya kumpa kodi. Akifoka, rudini wapangaji wote.