Mwachieni Jaji Kazi ya Kuhukumu

Msikilizaji, mwizi wa kuku akitiwa hatiani katika mahakama ya mwanzo, huulizwa kama ana la kusema kabla hajapewa adhabu. Atasema ana watoto wadogo, ni kosa lake la kwanza, anaomba huruma. Hakimu anamsikiliza, anapima, kisha anaamua. Sasa panda hadi Mahakama Kuu ya Tanzania, kwenye shauri la mauaji ya kukusudia, mahali ambapo uhai wa mtu ndio uko mezani. Huko maombi ya namna hiyo hayana kazi. Jaji akishamwona mshtakiwa ana hatia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinampa njia moja tu, kunyongwa hadi kufa. Wanaosalimika ni mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Wengine wote, kitanzi.

Utasema, muuaji ni muuaji. Tuitazame basi sheria yenyewe. Mauaji ya kukusudia hayadai kwamba mtu awe amedhamiria kuua. Akidhamiria kumjeruhi mwenzake vibaya, na mwenzake akafa, inatosha. Vijana watatu wakienda kuvamia duka, mmoja akabaki nje akiangalia njia, mwingine ndani akafyatua risasi, yule wa nje naye anaweza kutiwa hatiani kwa mauaji yale yale, kwa kuwa walikuwa na nia ya pamoja. Adhabu yao ni moja.

Au mchukue mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka nenda rudi, akavunjwa mkono, akarudishwa nyumbani na wazee kwa maneno ya kuvumilia, hadi usiku mmoja akamuua mumewe amelala. Sheria inao utetezi wa kukasirishwa, lakini unataka hasira ya ghafla, kabla damu haijapoa. Yeye alisubiri mume alale kwa sababu akiwa macho asingemweza. Jaji anaweza kuyaona hayo yote, akamwamini kila neno, na bado akalazimika kutamka yale yale anayomtamkia muuaji wa kukodiwa.

Linganisha na kuua bila kukusudia. Huko jaji ana uwanja mpana, kuanzia kifungo cha nje hadi kifungo cha maisha. Hatua moja mbele, uwanja wote umefungwa. Ndiyo maana katika mashauri haya mvutano wote huishia kwenye nia, maana ikishathibitishwa hakuna tena cha kujadili.

Na kichekesho, kama kuna anayeweza kucheka, ni kwamba serikali yenyewe hainyongi. Mara ya mwisho Tanzania kunyonga ilikuwa 1994, enzi za Mzee Mwinyi. Tangu hapo wamepita Mkapa, Kikwete na Magufuli, na Rais Samia yuko madarakani. Magufuli alisema hadharani mwaka 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu, kwamba hatasaini hati za kunyonga. Kwa hiyo tunamlazimisha jaji atamke adhabu ambayo marais hawataki kuitekeleza, na aliyehukumiwa anabaki gerezani mwaka baada ya mwaka, hajui kama asubuhi ya kesho ndiyo yake.

Mwaka 1994 huo huo, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi wake. Ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini ikasema Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Sawa, hoja hiyo tuiache kwa leo. Ninalozungumzia ni dogo zaidi: ulazima.

Kuhusu ulazima, majirani zetu walishamaliza kazi. Malawi iliuondoa mwaka 2007 kwa uamuzi wa mahakama. Uganda ikafuata 2009, katika shauri la Susan Kigula na wenzake, wafungwa 417 kwa jumla. Kenya, Mahakama ya Juu iliuondoa Desemba 2017 katika shauri la Muruatetu. Hakuna hata mojawapo kati ya mahakama hizo iliyofuta adhabu ya kifo. Zilichofanya ni kumrudishia jaji kazi yake.

Sisi tuliambiwa tukiwa nyumbani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, iliamua kwamba kifungu cha 197 kinavunja haki ya kuishi kwa kumnyima jaji nafasi ya kupima. Ikaipa Tanzania mwaka mmoja kuondoa ulazima huo, na ikaagiza waombaji wasikilizwe upya kuhusu adhabu. Wiki moja kabla ya hukumu hiyo, serikali ilikuwa imewasilisha hati ya kujiondoa katika tamko linalowaruhusu wananchi kufungua mashauri moja kwa moja mahakamani hapo. Kujiondoa huko hakukuifuta amri, maana shauri lilifunguliwa tangu 2015.

Najua wanaonisikiliza wamo waliouliwa mzazi au mtoto, na kwao maneno haya ni machungu. Lakini jaji akipewa nafasi ya kupima, bado anaweza kutoa adhabu kali kuliko zote pale inapostahili. Anachokosa leo ni uwezo wa kumtofautisha aliyepanga na aliyesukumwa.

Waziri wa Katiba na Sheria apeleke muswada bungeni, kifo kiwe adhabu ya juu kabisa badala ya kuwa adhabu pekee. Na muswada huo uwataje waliokwisha kuhukumiwa, kila mmoja arudishwe mbele ya jaji asikilizwe kuhusu adhabu yake.