Viazi vya Kitulo

Juma hili twende Makete, uwanda wa juu wa Kitulo, unaoitwa Bustani ya Mungu. Masika huchanua huko okidi za ardhini. Chini ya shina mna viazi viwili: kikuukuu kilicholisha ua la mwaka huu, na kichanga, akiba ya mwakani. Mchimbaji hutaka hicho kichanga, kwani ndicho kilichojaa. Akikitoa, mmea umekufa.

Viazi hivyo hutwangwa pamoja na karanga kuwa chikanda, kitoweo cha Zambia. Vya huko vilipopungua, wachuuzi wakavuka mpaka kuja kwetu. Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Ati zitajiotea? Mbegu zake ni kama vumbi, haziwezi kuota bila kuvu wa udongoni. Simlaumu mama anayetafuta karo. Mchuuzi wa magunia, huyo namlaumu.