Mwaka wa Kurudia kwa Kijana Atakaye Udaktari

Hotuba kwa wazazi na vijana wa Kiislamu wa Arua na Koboko

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mwenye kujua yote, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi wazee waheshimiwa, akina mama, na vijana: kila mwaka yatangazwapo matokeo ya mtihani wa kidato cha sita, huzuka neno moja katika nyumba nyingi za Arua na Koboko. Kijana amefaulu, lakini hakufikia kiasi cha kupokewa katika skuli ya udaktari. Baba asema na achukue alichopata. Mama asema arudie mwaka. Mjomba asema akasomee kwanza kazi nyingine ya hospitali. Na kijana mwenyewe amejifungia chumbani, hataki chakula. Swali lao ni moja: mwaka wa ziada wamsaidia mtu kuingia udaktari, au wampotezea umri wake na fedha za baba yake?

Swali hili si dogo, wala si la nyumba moja. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu utabibu kuwa miongoni mwa faradhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake kwa kukimbilia wote elimu ya fikihi, hata miji mingine ikawa haina tabibu Mwislamu. Na hapa Uganda Waislamu walichelewa. Skuli ya udaktari ya Makerere ilianza mwaka 1924 huko Mulago. Lakini katika zama zile skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazee wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao wasije wakaiacha dini. Chama cha Elimu cha Waislamu wa Uganda kilianzishwa mwaka 1936 ili kuliziba pengo hilo, na Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa Mbale mwaka 1988. Basi kijana wa Kiislamu afikapo leo mlangoni pa udaktari akapungukiwa na hatua mbili tatu, haifai kumwambia upesi, "Rudi nyumbani." Wala haifai kumwambia upesi, "Rudia." Yapasa kwanza kupima.

Kipimo chenyewe ni hiki. Katika mtihani wa kidato cha sita, kwa utaratibu uliotumika miaka mingi, daraja A huwa pointi 6, B pointi 5, C pointi 4, D pointi 3, E pointi 2, na O pointi 1. Lakini vyuo vikuu vya serikali havijumlishi pointi hizo hivi hivi. Kila somo hupewa uzito kwa kadiri ya kazi anayoiomba mtu. Kwa udaktari, Bayolojia na Kemia ndiyo masomo ya lazima, na pointi zake huzidishwa mara 3. Fizikia au Hisabati huzidishwa mara 2. Masomo madogo, kama karatasi ya maarifa ya jumla, huongeza kidogo tu.

Watazamwe vijana wawili kwa mfano. Wa kwanza amepata A katika Bayolojia, B katika Kemia, na E katika Fizikia. Wa pili amepata D katika Bayolojia, C katika Kemia, na A katika Fizikia. Ukizijumlisha pointi zao kwa njia ya sokoni, kila mmoja ana 13, na majirani watasema ni sawasawa. Lakini kwa hesabu ya chuo, wa kwanza ana 18 na 15 na 4, jumla 37; wa pili ana 9 na 12 na 12, jumla 33. Ukomo wa juu katika masomo hayo matatu ni 48. Basi hao si sawa, na mwaka wa kurudia hautakuwa sawa kwao. Huyu wa pili akijitahidi akaitoa Bayolojia katika D akaifikisha B, ameongeza pointi 6 na kufika 39. Wa kwanza akiitoa Fizikia katika E akaifikisha C, ameongeza 4 na kufika 41. Jasho ni moja, hatua ni mbili kwa kila mmoja, na malipo ni mbalimbali.

Hapa ndipo wazazi wengi wakoseapo. Wanauliza, "Mtoto aweza kufanya vizuri zaidi?" Naam, aweza. Swali la kweli ni kwamba umbali uliobaki ni wa kiasi gani, na mlango aukusudiao u wapi. Wanaochukuliwa Makerere katika udaktari kwa gharama ya serikali huwa wamekaribia ukomo wenyewe. Mwenye 33 hawezi kuahidiwa na mtu mwaminifu kwamba miezi michache itamfikisha huko. Lakini Makerere si mlango peke yake. Udaktari hufundishwa pia Mbarara, Gulu, Kabale, na katika Chuo Kikuu cha Busitema upande wa Mbale. Na katika vyuo visivyo vya serikali, kama kile cha Ishaka, na skuli ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Kiislamu iliyoko Kampala. Tena tangu mwaka 2005 serikali hutenga sehemu ya nafasi zake kwa hesabu ya wilaya, ambamo mtoto wa Koboko hushindana na watoto wa Koboko, si na watoto wa skuli kubwa za Kampala. Kwa hiyo matokeo yasiyotosha mlango mmoja huenda yakatosha mwingine, na familia iliyouliza mlango mmoja tu haijauliza.

Yako mambo ambayo mwaka wa kurudia hauyagusi, na ni vyema yajulikane mapema. Matokeo ya kidato cha nne nayo yamekuwa na sehemu yake ndogo katika hesabu, na kurudia kidato cha sita hakuyabadili. Tena mwombaji hutakiwa awe amefaulu masomo makuu yasiyopungua mawili katika kikao kimoja cha mtihani. Basi kijana asidhani kwamba atafanya Kemia peke yake na kuishona na matokeo ya mwaka jana kama kiraka. Na kwa nafasi za serikali, vyuo vimekuwa vikitazama waliofanya mtihani katika mwaka uliotangulia maombi. Maana yake ni kwamba anayekaa nyumbani mwaka mzima akingoja, bila kuufanya mtihani tena, hangojei kitu.

Baada ya kupima umbali, utafutwe ugonjwa. Mwaka si dawa ya kila maradhi. Kijana aliyekosa kwa sababu aliugua malaria wiki ya mtihani, au msiba ulimfika, au skuli yake haikuwa na vyombo vya maabara hata akauona mtihani wa vitendo kama mgeni, huyo mwaka wamfaa. Kwani iliyompunguzia ni sababu yenye jina, na sababu hiyo yaweza kuondolewa. Lakini akirudia katika skuli ile ile isiyo na maabara, na vitabu vile vile, na saa zile zile za kulala, huyo amerudia ada tu, hakurudia masomo. Na aliyesoma kwa utulivu, mwenye afya, akiwa na walimu wema na maabara, naye akapata D mbili, huyo ameambiwa habari yake kwa lugha iliyo wazi. Si aibu. Mwenyezi Mungu hakuwagawia waja wake riziki ya namna moja.

Yuko pia yule anayerudia kwa ajili ya majirani. Baba amekwisha kumwita "daktari" tangu yuko darasa la tatu, na sasa anaona haya kulirudisha jina. Mwaka wa namna hii ni mzito kuliko wote, kwani kijana husoma akiwa amebeba uso wa baba yake mgongoni. Baba mwenye hekima na amwondolee mwanawe mzigo huo kabla ya kumlipia ada.

Ama mlango wa mjomba, wa kuanzia chini, nao usidharauliwe. Stashahada ya utabibu, ambayo watu wengi huijua kwa kazi ya afisa wa kliniki, huchukua miaka 3. Na vyuo vikuu hutenga nafasi za udaktari kwa wenye stashahada waliokwisha kufanya kazi. Hapa hapa Arua iko skuli ya uuguzi na ukunga, na Chuo Kikuu cha Muni hufundisha shahada ya uuguzi. Na hesabu ifanywe wazi. Anayerudia mwaka na kufanikiwa atasoma udaktari miaka 5, kisha mwaka 1 wa mazoezi hospitalini: jumla 7. Anayepita kwenye stashahada, akafanya kazi miaka 2, kisha akasoma udaktari na kumaliza mazoezi, jumla yake ni 11. Tofauti ni miaka minne, nayo si kidogo. Lakini huyu wa pili ana mshahara katikati ya njia, anawasaidia wadogo zake, na akifika chuoni amekwisha kuuona ugonjwa kwa macho. Tena asipopata nafasi ya udaktari, amebaki na kazi ya heshima mkononi; ilhali yule aliyerudia akashindwa amebaki na karatasi mbili za matokeo badala ya moja.

Kwa hiyo ada ya mwaka wa kurudia si ya kijana peke yake. Hutoka katika sahani ya nyumba nzima. Kabla ya kuilipa, baba na amuulize mkewe ni mtoto yupi atakayekaa nyumbani muhula ujao ili huyu arudie. Mara nyingi jibu ni binti. Hili ni lazima lisemwe mbele ya watu. Mvulana akikosa hupewa mwaka wa pili, na pengine wa tatu. Msichana akikosa kwa pointi mbili husikia habari za posa. Tangu mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika kupokewa, kwa kutambua vikwazo walivyovishinda hata kufika hapo. Basi yawezekana kabisa kwamba katika nyumba moja aliye karibu zaidi na mlango wa udaktari ni binti, naye ndiye asiyeulizwa. Akina mama wa Arua na Koboko wanaotamani kutibiwa na mwanamke mwenzao watampata wapi, ikiwa kila binti aliyepungukiwa kidogo amekwisha kurudishwa jikoni? Mwaka wa ziada, ukiwapo mmoja tu nyumbani, apewe anayeustahili kwa hesabu, awe mvulana au msichana.

Shauri lenyewe ni fupi. Matokeo yakitoka, familia na ikae pamoja, kijana naye akiwapo na akisema. Ihesabiwe jumla yake kwa uzito wa masomo. Yasomwe matangazo ya mwaka huo huo ya vyuo vyote, kwani taratibu hubadilika, na ya mwaka jana si hoja. Aulizwe mwalimu wake wa Kemia, si jirani. Itajwe kwa jina sababu iliyompunguzia, na itajwe njia ya kuiondoa. Iulizwe Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, kama nafasi ipo lakini ada haipo. Yakishatimia hayo, ndipo iswaliwe istikhara. Kwani istikhara huja baada ya kushauriana, wala si badala ya kuhesabu. Ikiwa umbali ni mdogo, na sababu inajulikana na inaondoleka, na hakuna mtoto mwingine anayekatwa skuli kwa ajili hiyo, basi na arudie, tena kwa mwaka mmoja, na uwe na mpaka wake. Likikosekana moja kati ya hayo, na ashike njia nyingine kwa uso mkunjufu, naye asiitwe aliyeshindwa. Kwani wagonjwa wa West Nile wanamngoja muuguzi, na mkunga, na afisa wa kliniki, kama wanavyomngoja daktari.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wa mji huu milango yenye heri, awape wazazi wao subira na uadilifu baina ya watoto, na awajaalie watakaofika kuwa matabibu wenye huruma kwa kila mgonjwa, wa dini yoyote. Amin.

Wabillahi tawfiq.