MAELEZO BAADA YA HABARI: ASKARI NA KIKAO CHA WAACHAO POMBE

Ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlioko Arua, Koboko na katika malindo ya mpakani,

Barabara ya lami itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita zipatazo 92. Askari anayeilinda hukutana na pombe kila kituo: kwete sokoni, nguli vijijini na waragi madukani. Mwaka 2019 Serikali ilipiga marufuku pakiti ndogo za pombe kali zisizofika mililita 200. Hata hivyo, mwezi wa Agosti mwaka 2022, watu wasiopungua kumi walifariki katika Arua na Madi-Okollo kwa kunywa pombe kali iliyokuwa na sumu. Sheria huweza kuiondoa pakiti dukani. Kiu ya mtu ni jambo jingine.

Maelezo yetu ya leo yanamhusu askari aliyekwisha kuapa mara nyingi kwamba ataacha, na kila mwisho wa mwezi kiapo kikavunjika kabla mshahara haujafika nyumbani. Wenzake wanamjua. Humshikia zamu, humtetea kwenye gwaride, humwamsha alfajiri na kumvisha sare. Hudhani kwamba wanamsaidia. Lakini silaha aliyokabidhiwa haichagui mkono, na raia aliye mbele yake hajui kama mkono huo unatetemeka. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ulevi kazini ni kosa la nidhamu, na nidhamu haina budi kulindwa. Lakini mahabusu humzuia mtu kunywa kwa siku chache tu. Akitoka, chupa ingali inamngoja. Uraibu wa pombe ni ugonjwa, nao unahitaji tiba na wenzi.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, walikutana Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, na Dk. Bob Smith, tabibu mpasuaji. Wote wawili walikuwa wameshindwa na pombe. Waligundua kwamba mlevi anapomweleza mlevi mwenzake ukweli wake bila kujificha, wote wawili hupata nguvu ya kuipitisha siku bila kunywa. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi, Uganda ikiwamo. Sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, na linalosemwa kikaoni hubaki kikaoni.

Je, askari wa Arua au Koboko aanzie wapi? Kwanza, aanzie kwa mganga. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi asiache ghafula akiwa peke yake, maana aweza kushikwa na kifafa, kuweweseka na hata kufa. Afike Hospitali ya Rufaa ya Arua, au hospitali ya Koboko, aeleze kiasi anachokunywa bila kupunguza, kisha aulize habari za kikundi kilicho karibu. Pili, awaulize viongozi wa dini: kasisi wa kikosi, makanisa ya Mvara na Ediofe, au sheikh wa msikiti wa Koboko. Hao mara nyingi huwajua walioacha. Tatu, asipopata kikundi karibu, asikate tamaa, kwani wawili wanatosha kuanza. Wachague siku, saa, na mahali pasipouzwa pombe.

Siku ya kwanza halazimishwi kusema neno. Atakaa na kusikiliza. Atawasikia Mlugbara, Mkakwa na Mwalur wakisimulia mambo aliyodhani ni yake peke yake: deni la kantini, mke aliyerudi kwao, mtoto anayejificha asikiapo hatua za baba. Atakaposema, atataja jina lake. Namba ya kazi na cheo ataviacha mlangoni. Huenda koplo akamkuta huko inspekta. Wasiogopane. Mbele ya chupa wote wawili walikuwa makuruta. Siri za kazi hazina nafasi hapo. Linalozungumzwa ni pombe, na namna ya kuipitisha siku ya leo. Kisha arudi juma lijalo, hata kama ameteleza. Aliyeteleza ndiye anayekihitaji kikao zaidi.

Kwenu ninyi makamanda, askari akiomba saa mbili za kwenda kikaoni, mpeni kama mnavyompa ruhusa ya kwenda zahanati. Msimpeleke kwa amri kama mfungwa, wala msidai ripoti ya yaliyosemwa. Akirudi na hofu kwamba maneno yake yamefika ofisini, hatakwenda tena, na wenzake wote watajifunza kunyamaza.

Ndugu askari, umefundishwa kwamba aliyejeruhiwa haachwi uwanjani. Katika kota unazokaa yupo mwenzako aliyejeruhiwa bila risasi. Jioni ya leo, badala ya kumfichia, mwambie: «Ndugu yangu, twende pamoja.» Na kama aliyejeruhiwa ni wewe, usingoje kuchukuliwa, nyanyuka uende.