Karani wa Kwanza Alimtumikia Nani?

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi mbele ya walimu na watumishi wa umma.



Mada niliyopewa ni ustaarabu wa kale na jinsi jamii zake zilivyoendelea. Mada hii ni bahari, na mtu mmoja hawezi kuiogelea kwa saa moja. Kwa hiyo nimechagua nchi moja, Sumer, iliyokuwa kusini mwa Iraki ya leo. Nimeichagua kwa sababu historia yake inatuhusu sisi tunaoshika kalamu kila siku. Vitabu vingi vinapoeleza ustaarabu huanza na wafalme, mahekalu na vita. Lakini maandishi ya kale kabisa ya Sumer hayamtaji mfalme aliyeshinda vita, wala hayana utenzi wa kumsifu mungu. Ni hesabu za ghala. Karani alimtangulia mshairi.

NCHI ISIYO NA MVUA

Kusini mwa Iraki mvua ni haba mno, na mkulima hawezi kuitegemea. Kuna udongo, matete na mito miwili, Tigris na Frati. Mawe, mbao nzuri na madini vilitoka mbali. Tena mito hiyo haikuwa na huruma ya Mto Nile. Nile ulikuwa ukifurika kabla ya msimu wa kupanda, lakini Tigris na Frati ilikuwa ikifurika katika miezi ya Aprili na Mei, wakati shayiri imekwisha kukomaa shambani. Mkulima wa Sumer alikuwa na kazi mbili: kuyazuia maji yasimharibie mavuno, na kuyaleta wakati shamba lilipoyahitaji.

Kazi hiyo haikuwezekana kwa mtu mmoja na jembe lake. Ilihitaji mifereji, mifereji ikahitaji nguvu kazi ya watu wengi, na watu wengi wakahitaji kulishwa wakiwa kazini. Udongo ule ulipopata maji ulizaa kwa wingi, na mavuno yakazidi mahitaji ya waliolima. Hapo ndipo jamii ilipokutana na swali ambalo halijaiacha mpaka leo: ziada ni ya nani, na nani ataigawa?

URUK NA POSHO YA KILA SIKU

Jibu la kwanza linaonekana katika mji wa Uruk. Kufikia karibu na mwaka 3000 Kabla ya Kristo (K.K.), mji huo unakadiriwa kuwa na wakazi 40,000 au zaidi. Katika mabaki yake, na katika miji mingine ya wakati huo, wachimbuaji wamekuta mabakuli mengi mno ya udongo, manene, yasiyo na urembo, yaliyotengenezwa haraka kwa kalibu na karibu yote kwa umbo moja. Wataalamu wengi wanaamini kwamba yalitumika kugawia posho ya wafanyakazi. Na katika maandishi ya Uruk, alama ya chakula inafanana na bakuli hilo, na alama ya kula ni kichwa cha mtu kando ya bakuli.

Kabla ya maandishi watu walihesabu kwa vidonge vya udongo: kidonge cha umbo hili ni kipimo cha nafaka, cha umbo lile ni kondoo. Baadaye vidonge vilifungiwa ndani ya tufe la udongo na kupigwa muhuri, ili mpokeaji ahakikishe kwamba mzigo haukupunguzwa njiani. Kisha idadi ikachapwa juu ya tufe. Baada ya hapo ikaonekana kwamba kibao bapa chenye alama kinatosha. Hivyo ndivyo wataalamu wengi wanavyoeleza chimbuko la maandishi, kati ya mwaka 3300 na 3200 K.K.

Vibao na vipande vya kale vilivyopatikana Uruk ni kiasi cha 5,000. Zaidi ya asilimia 80 ni hesabu za shayiri, mifugo, nguo na watu. Vingine ni orodha za maneno za kufundishia makarani, na mojawapo ni orodha ya vyeo na kazi. Kibao kimoja mashuhuri cha enzi hiyo kinarekodi vipimo 29,086 vya shayiri kwa miezi 37, na mwishoni kina alama zinazosomwa “Kushim”. Wataalamu wanabishana kama Kushim ni jina la mtu au la cheo. Hata hivyo, alama hizo zilitangulia kwa karne kadhaa maandishi ya Enmebaragesi wa Kish, mfalme wa kwanza wa Sumer anayethibitishwa na maandishi yake mwenyewe.

Lakini tusishangilie upesi mno. Kalamu ile ya tete ilionyesha pia matabaka yaliyokuwa yakizaliwa. Alama ya mjakazi iliundwa kwa kuunganisha alama mbili: ya mwanamke na ya mlima. Maana yake ni mwanamke kutoka nchi ya milimani, yaani mgeni aliyetekwa. Utumwa uliingia katika maandishi tangu utoto wake, na mjakazi akahesabiwa katika kibao kama mali nyingine za ghala.

MASHTAKA DHIDI YA WANYAPARA

Miaka kama elfu moja baadaye, karibu na mwaka 2350 K.K., dola ya Lagash ilipata mtawala aliyeitwa Urukagina. Tangazo lake limehifadhiwa kwenye koni za udongo zilizopatikana Girsu, mahali ambapo Wafaransa walianza kuchimba mwaka 1877. Ni miongoni mwa mashtaka ya kale zaidi yanayojulikana dhidi ya matendo mabaya ya watumishi wa dola.

Tangazo linaeleza hali aliyoikuta. Mkuu wa mashua alijichukulia mashua. Mkuu wa mifugo alijichukulia punda na kondoo. Mkaguzi wa uvuvi alijichukulia samaki. Maksai wa hekalu walilima bustani za vitunguu za mtawala. Hata maiti hakusalimika: waliosimamia mazishi walidai mitungi 7 ya pombe na mikate 420. Urukagina akapunguza malipo hayo yakawa mitungi 3 na mikate 80. Akaamuru kwamba mkubwa akitaka kununua punda au nyumba ya mnyonge na mwenye mali akakataa, asipigwe kwa kukataa. Akaapa mbele ya mungu wa mji kwamba mjane na yatima hawatatiwa mikononi mwa mwenye nguvu. Katika tangazo hilo tunalikuta pia neno la Kisumer la uhuru, amargi, ambalo maana yake ya asili ni kurudi kwa mama.

Je, mambo yalibadilika? Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, maana tangazo ni sifa za mtawala kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa bahati njema makarani wa Girsu walituachia pia vibao vya hesabu vya miaka hiyohiyo, zaidi ya 1,500. Vinaonyesha kwamba shamba na maghala yaliyoitwa Nyumba ya Mwanamke, yaani mke wa mtawala, yalibadilishwa jina yakaitwa Nyumba ya Bau, mungu wa kike. Lakini aliyeendelea kuyasimamia ni Shasha, mke wa Urukagina. Jina lilikuwa la mungu, na ufunguo ukabaki ikulu. Tusingekuwa na vibao vya hesabu, tungeamini tangazo peke yake.

Utawala huo haukudumu hata miaka kumi. Lugalzagesi wa Umma, mji uliokuwa umegombana na Lagash kwa zaidi ya karne moja juu ya mashamba na maji ya mpakani, aliivamia nchi na kuchoma mahekalu yake.

SHULE NA ZAWADI YA MWALIMU

Ndugu walimu, nanyi mna sehemu yenu. Karani alifundishwa katika “nyumba ya vibao”. Katika mji wa Nippur, nyumba moja ya karne ya 18 K.K. ilikutwa na vibao na vipande vya wanafunzi zaidi ya elfu moja: orodha za maneno, hesabu, methali na mifano ya mikataba. Wakati huo Kisumer kilikuwa kimekwisha kuacha kusemwa majumbani, lakini mtoto alilazimika kukijua ili awe karani. Elimu ikawa ukuta kati ya wachache waliosoma na wengi walioandikwa.

Kuna kisa cha shule cha enzi hiyo kinachomhusu mwanafunzi aliyechapwa mara nyingi kwa siku moja: kwa kuzungumza, kwa kusimama, kwa mwandiko mbaya. Baba yake akamwalika mwalimu nyumbani, akamketisha mahali pa heshima, akampa vazi jipya na pete. Ghafla mwalimu akagundua kwamba mtoto yule ana akili sana. Wasomaji wa zama hizo walikinakili kisa hiki tena na tena, na bila shaka walicheka. Lakini mtoto ambaye baba yake hakuwa na pete ya kutoa, hakuna aliyemwandikia kisa.

Ndugu zangu, watu husema kwamba rushwa na ubadhirifu ni maradhi ya dola changa, au ni tabia ya taifa fulani. Historia ya Sumer inakanusha. Hatari hii ilizaliwa pamoja na ghala, siku ile mtu mmoja alipokabidhiwa jasho la wengi alihesabu. Na kinga yake ilizaliwa siku hiyohiyo, nayo ni hesabu iliyoandikwa wazi, ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma na kuihakiki. Kibao kilekile kilichomfunga mjakazi ndicho kinachotuwezesha leo kumhoji mtawala wa Lagash juu ya Nyumba ya Bau.

Kwa hiyo mtumishi anayeandika daftari kwa uaminifu asiione kazi yake kuwa ndogo, na mwalimu anayemfundisha mtoto wa mkulima kusoma hesabu za kijiji chake anabomoa ukuta uliojengwa zamani sana. Wakulima wa Uruk walipokea bakuli la posho bila ya kuweza kusoma kibao kilichoeleza waliyoyavuna. Wa kwetu wasome, na wakiuliza, tuwafungulie daftari.