Mama anayenyonyesha na sindano ya chanjo
(Maneno tuliyowaambia wanachama katika mkutano wetu wa Baraka)

 

Juzi juzi tulifika kwa mama mmoja aliyerudi toka Nyarugusu. Alikuwa amepigwa sindano ya tetanosi, ile kule Tanzania tulikuwa tunaita pepopunda. Jirani akamwambia: usinyonyeshe siku tatu, dawa imeingia katika maziwa. Basi akampa mtoto wa miezi miwili uji na maji ya ziwa. Mtoto akaharisha mpaka macho yakazama. Tulimkimbiza na pikipiki, Mungu saidia akapona. Sindano haikuwa na kosa. Ni yale maji.

Wamama, chanjo ya tetanosi haina mdudu mzima ndani yake. Haiwezi kumwambukiza mtoto kupitia ziwa lako. Mkono utauma, pengine na homa kidogo siku moja ao mbili. Wewe endelea kunyonyesha, hata siku ile ile.

Na wewe unayepanga kubeba mimba, usingoje tumbo lionekane. Sindano ziko tano: ya pili wiki 4 kisha ya kwanza, ya tatu miezi 6 kisha ile, halafu mbili zingine, kila moja ikipita mwaka. Ukizimaliza, unakingwa miaka yote ya uzazi. Kinga ya mama inapita kwa mtoto angali tumboni, na tunajua wenyewe namna tunazaa: wengine shambani, kitovu kinakatwa na wembe wa jana. Hapo ndipo tetanosi inaingia.

Chanjo zingine ziko na mdudu aliyedhoofishwa, kama ya surua na ya homa ya manjano. Ukipata moja ya hizo, ngoja mwezi mmoja mbele ya kubeba mimba. Ile ya surua haikatazi kunyonyesha. Ya homa ya manjano, kama mtoto wako ni mchanga bado, mwambie muganga kwanza, yeye ataangalia kama ugonjwa uko karibu. Usifiche mtoto nyumbani ili upite haraka katika mstari! Tumeona hiyo.

Baba mmoja hapa nyuma ameuliza kama sindano inafunga uzazi. Swali nzuri, afazali kuuliza kuliko kunong'ona. Hapana, haifungi. Wamama wengi waliokaa hapa walichanjwa kambini; baba, hesabu watoto walio mgongoni mwao.

Jambo la mwisho ni karte. Sindano ulizopata kambini zinahesabiwa, hauanzi upya. Siku ya mkutano ujao kila mama alete karte yake ya kliniki, hata kama panya imetafuna pembe, tuisome pamoja tuone umebakiza ngapi. Aliyeipoteza njiani aje vilevile.